Tusimsingizie Mungu: Funzo la Lawalawa Singida

Singida haina upungufu wa makanisa. Tangu miaka ya 1920 wamisionari wa Sinodi ya Augustana kutoka Marekani walifanya kazi Iramba, na majina ya Kiomboi, Iambi na Kinampanda yakazoeleka masikioni mwa watu kwa sababu ya hospitali na shule. Wakatoliki wana jimbo lao tangu 1972, na hospitali yao ya Makiungu, iliyoanzishwa na masista miaka ya 1950, imewauguza watu wa dini zote. Wapentekoste nao wamefika hadi vitongoji ambavyo gari huvifikia kwa shida wakati wa mvua. Jumapili asubuhi, kuanzia Manyoni hadi Mkalama, utawakuta watu njiani na nguo zao safi, wanakwenda kusali.

Katika nyumba hizo zote za ibada kuna ahadi inayotolewa kwa sauti mbele ya watu. Mtoto akiletwa kubatizwa, wazazi na wasimamizi huulizwa kama watamlea katika imani, nao hujibu kwamba watafanya hivyo, Mungu akiwasaidia. Kwa Wapentekoste mtoto huwekwa wakfu, na uzito wa neno la mzazi ni ule ule: mtoto huyu amekabidhiwa kwa Mungu, nasi tumeachiwa kazi ya kumlinda. Usharika mzima husimama kuwa shahidi. Nataka kusimulia jinsi ahadi hiyo inavyovunjwa na nani hasa wanaoivunja. Tumezoea kumtafuta mtu mmoja wa kulaumiwa, yaani ngariba anayemkeketa mtoto wa kike, na tukishampata tunarudi nyumbani tumeridhika.

Kisa

Kisa hiki hakina jina la mtu wala la kijiji, kwa sababu hakina mwenyewe mmoja. Nimekiunga kutokana na mambo yanayojulikana sana mkoani, na msomaji wa Singida atakitambua bila kusaidiwa.

Palikuwa na mume na mke, wakulima wa alizeti na vitunguu. Mke aliimba kwaya. Mume alikuwa mtunza hazina wa mtaa wao wa kanisa, mtu ambaye hesabu zake hazijawahi kupungua hata shilingi. Walipata mtoto wa kike wakati wa mvua, wakambatiza akiwa na miezi mitatu. Mchungaji alimpokea, maji yakamwagwa, jina likatajwa, wanawake wakapiga vigelegele.

Kiangazi kilipoingia, kisima cha karibu kikakauka. Maji yakawa ya kufuata mbali na kununuliwa kwa dumu. Nepi zikawa zinasuuzwa kwa maji kidogo, pengine bila sabuni. Mtoto akaanza kulia kila akikojoa, ngozi ikamwiva na kutoa vipele, usiku akawa na joto. Mama akasema kesho atampeleka zahanati.

Mama mkwe akamfungua mtoto, akamtazama, akamfunika.

“Hii ni lawalawa, mwanangu. Hospitali hawaijui.”

“Lakini mama, tumembatiza juzi tu. Na kwenye semina ya akina mama walisema...”

“Waliosema hawajazika. Mimi nimezaa saba nikazika wawili. Unataka nizike na huyu?”

Mama mtoto akanyamaza. Usiku akamwambia mumewe. Mume akajigeuza kitandani akasema, “Hayo ni mambo ya wanawake, malizaneni wenyewe.” Kulipokucha akaondoka kwenda mnadani.

Jioni ile mwanamke mmoja wa makamo alikuja na mkoba mdogo. Hakuwa mgeni kwa mtu yeyote pale. Jumapili hukaa benchi la pili. Kazi yenyewe haikuchukua muda. Jirani, katibu wa kikundi cha wanawake kanisani, alisikia kilio na akakijua ni kilio cha namna gani. Alikuwa nje anaosha vyombo. Alivikusanya akaingia ndani.

Damu haikukata. Walijaribu majani, wakajaribu jivu. Alfajiri mama alimfunga mtoto mgongoni akatembea hadi zahanati. Alipoulizwa alisema mtoto ana homa. Muuguzi akafungua nepi, akaona. Alimwangalia mama, mama akaangalia sakafu. Gari la wagonjwa lilipopatikana, mtoto alikuwa amekwisha kufa. Muuguzi naye ni msharika, na mama yule wanaimba wote sauti ya kwanza. Kwenye karatasi aliandika upungufu wa damu, neno ambalo halikuwa uongo na halikuwa kweli.

Mazishi yalikuwa ya siku ile ile. Kwaya iliimba. Mzee wa kanisa alisimama kando ya kaburi akasema kwamba kazi ya Mungu haina makosa, kwamba aliyetoa ndiye aliyetwaa, na watu wakaitika amina. Mwanamke wa benchi la pili alileta unga wa msiba, ukapokelewa kwa shukrani.

Tuwahesabu waliojua

Katika kisa hiki ngariba ni mmoja, lakini waliojua ni wengi. Bibi alijua. Baba alijua vya kutosha hata akaona heri asiwepo. Jirani alijua kwa masikio yake na muuguzi kwa macho yake. Wengi waliokuwa kaburini walijua, kwa sababu kijiji hakikosi kujua mambo kama haya. Wote walikuwa wamebatizwa, na wengi wao walikuwapo siku ile maji yalipomwagwa wakashuhudia ahadi.

Kifo cha mtoto ni msiba mkubwa. Lakini lililofanyika kaburini ni dhambi ya pili, na hii ilifanywa na kanisa zima kwa pamoja. Mkono wa mtu uliua, kisha watu wa imani wakasimama mbele za Mungu wakamtaja yeye kuwa ndiye aliyetwaa. Huko ni kulitaja bure jina la Bwana kwa namna iliyo mbaya kupita kuapa sokoni. Anayeapa sokoni anataka kuuza mbuzi. Sisi tulilitumia jina hilo kuficha damu.

Tuseme pia ukweli ambao watetezi wa desturi hii huutegemea: watoto wengi wanaokeketwa hawafi. Hupona, hukua, huolewa. Ndiyo maana bibi yule hakuwa na nia ya kuua. Alimpenda mjukuu wake, na aliamini anamwokoa. Mtu anayetaka kubadilisha jambo hili Singida na aanze kwa kulielewa hilo, la sivyo atakuwa anapigana na katuni ya bibi katili ambaye hayupo.

Lawalawa ilitoka wapi

Zamani ukeketaji katika sehemu hizi haukuwa dawa ya kitu. Ulikuwa jando la wasichana, jambo la wazi, lenye majira yake baada ya mavuno, lenye ngoma na mafundisho, na msichana aliyetoka huko alihesabiwa kuwa amekomaa. Watoto wachanga hawakuhusika. Wazee wenyewe, wakiulizwa kwa utulivu, husema kwamba enzi za ujana wao neno lawalawa halikuwa likisikika kama linavyosikika leo.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali na chama vilianza kuzipiga vita hadharani desturi zilizoonekana kuwarudisha watu nyuma, na ukeketaji ulikuwa mojawapo. Miaka ya mwanzo ya 1970 ndipo habari za lawalawa zilipoenea Singida na Dodoma: maradhi ya sehemu za siri kwa watoto wa kike, ambayo ilisemekana yameletwa na hasira ya mizimu kwa kuachwa mila, na ambayo tiba yake ilikuwa moja tu. Hivyo desturi iliyokatazwa kama jando ilirudi kama matibabu. Umri ukashuka kutoka kwa wasichana wakubwa hadi kwa watoto wadogo, kisha kwa vichanga. Ngoma ikanyamaza, jambo likahamia ndani ya nyumba, usiku.

Mwaka 1998 ilikuja Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, iliyoingiza katika Kanuni ya Adhabu kifungu cha 169A. Mlezi anayemkeketa au kuruhusu akeketwe mtoto aliye chini ya miaka 18 anaweza kufungwa kati ya miaka 5 na 15. Sheria hiyo ni njema na ilihitajika. Lakini ilivyopokelewa katika nyumba nyingi ni kwamba ilizidisha faida ya kukeketa kichanga, kwa kuwa kichanga hawezi kusema, hana wa kumsimulia shuleni, na kovu lake litakuwa la zamani kabla mtu hajaliona. Imeripotiwa hata kwamba wapo wanaotumia kucha badala ya wembe ili wasiache alama ya chuma.

Tuwe waadilifu kwa Singida: mambo yanabadilika. Katika tafiti za kitaifa za afya, wanawake wa mkoa huu wenye umri wa kuzaa waliokutwa wamekeketwa walikuwa asilimia 51 mwaka 2010, asilimia 31 mwaka 2015 na 2016, na karibu asilimia 20 mwaka 2022. Kitaifa kiwango kilishuka kutoka asilimia 18 mwaka 1996 hadi 8 mwaka 2022. Kuna wazazi wengi, na miongoni mwao Wakristo wengi, waliokataa na wakasimama imara. Hata hivyo hesabu hizi ni za wanawake wazima, waliokeketwa miaka mingi nyuma. Vichanga wa mwaka huu hawajahesabiwa, na palipo na siri, takwimu huchelewa kusema kweli.

Ugonjwa wenyewe

Mhudumu wa afya akimwona mtoto ambaye bibi amesema ana lawalawa, mara nyingi anachokikuta ni maambukizi ya njia ya mkojo, fangasi, au ngozi iliyochubuka kwa nepi chafu na unyevu. Ni maradhi ya kweli. Mtoto halii bure, na mama anayeambiwa kwamba lawalawa haipo anajua kuwa anadanganywa, kwa sababu ameiona kwa macho. Tumwambie ukweli wote: ugonjwa upo, una dawa, na dawa hiyo iko zahanati. Maji safi, sabuni, nepi kavu, dawa ya fangasi au ya bakteria kama mhudumu atakavyoona, na katika siku chache mtoto hutulia.

Kwa nini basi watu huona kuwa kukeketa kunaponya? Kwa sababu mtoto akishakatwa, hutunzwa kuliko alivyotunzwa kabla. Huoshwa kila siku kwa maji ya moto, hupakwa dawa, hubadilishwa nguo, huangaliwa usiku na mchana ili kidonda kipone. Maambukizi madogo hupungua kwa usafi huo huo, na wembe ukapewa sifa isiyo yake. Usafi ule ungefanywa bila wembe, mtoto angepona vile vile, na asingebeba kovu hadi siku ya kujifungua.

Kovu hilo lina gharama. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2006, uliofuatilia wanawake zaidi ya 28,000 katika nchi sita za Afrika, Kenya na Sudan zikiwamo, ulionyesha kwamba wanawake waliokeketwa huvuja damu zaidi baada ya kujifungua, hufanyiwa upasuaji zaidi, na watoto wao hufa zaidi wakati wa kuzaliwa. Bibi aliyesema amezika watoto wawili huenda hajawahi kuambiwa jambo hili na mtu anayemheshimu.

Walimcha Bwana na wakaitumikia miungu yao

Katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 17, kuna habari inayotufaa. Mfalme wa Ashuru aliwahamishia watu wa mataifa katika miji ya Samaria. Simba wakaanza kuwaua. Wakaona kwamba ni kwa sababu hawajui desturi za Mungu wa nchi ile, wakaomba kuhani aje awafundishe. Akaja, akakaa Betheli, akawafundisha. Nao wakawa wanamcha Bwana, huku kila kabila likiendelea na miungu yake kama walivyozoea walikotoka. Mwandishi anasema wazao wao wakaendelea hivyo hivyo.

Watu wale hawakukataa kuabudu. Walihudhuria, walitoa sadaka, walikuwa na kuhani. Kosa lao lilikuwa kwamba imani waliipokea kwa hofu ya simba, na ilipotokea hofu nyingine, wakaikimbilia miungu mingine. Mkristo wa Singida anayebatiza mtoto asubuhi na kumtoa akatwe usiku yuko katika hali ile ile. Anamwamini Mungu kwa habari ya mbinguni, na kwa habari ya mkojo wa mtoto anaiogopa mizimu. Amegawa nyumba yake vyumba viwili na kumkaribisha Kristo sebuleni.

Wapo wanaojitetea kwa Biblia. Husema kwamba hata Abrahamu alipewa tohara. Tohara ya Mwanzo 17 ilikuwa ya wanaume, na hakuna mahali popote katika Maandiko ambapo Mungu aliagiza mtoto wa kike akatwe. Na hata ile ya wanaume, mitume walipokutana Yerusalemu, kama tunavyosoma katika Matendo 15, hawakuwatwika watu wa mataifa mzigo huo. Anayekeketa hana andiko la kujifichia.

Yaliyowapata wengine

Kuna hatari pia upande wa pili, na historia ya majirani zetu inaionyesha. Mwaka 1929, huko Kenya, misheni za Kiprotestanti katika nchi ya Wakikuyu ziliwataka waumini na walimu waweke sahihi au alama ya dole gumba kwamba wameacha tohara ya wasichana. Misheni ilikuwa sahihi kuhusu madhara. Madaktari wake walikuwa wameyaona wodini. Lakini amri ilikuja kama jambo la mzungu dhidi ya kabila, iliunganishwa na siasa za wakati ule, na waumini kwa maelfu waliondoka. Shule zikabaki tupu, zikaanzishwa shule na makanisa ya kujitegemea, na desturi yenyewe ikapata heshima mpya kama alama ya uzalendo. Meru nako, baraza la wazee la Njuri Ncheke lilipopiga marufuku mwaka 1956, wasichana kwa mamia walianza kujikata wenyewe, na wengi wakafikishwa mbele ya mabaraza.

Singida imepita njia hiyo hiyo kwa namna yake: katazo lilipokuja bila moyo kugeuka, desturi ilibadilisha mavazi. Kwa hiyo mchungaji anayedhani kwamba tangazo moja madhabahuni na tishio la kutengwa vitamaliza kazi atakuwa amewafundisha watu kuficha vizuri zaidi.

Tujifunze pia kuchagua dawa inayolingana na ugonjwa. Kenya, tangu 1996 kule Tharaka, jamii nyingi zimekuwa na jando mbadala, ambapo wasichana hufundishwa na kusherehekewa bila kukatwa. Ni jambo jema mahali ambapo kukatwa ni mlango wa utu uzima. Kwa kichanga wa Singida halisaidii kitu. Mama wa kisa chetu hakuwa anamtafutia mwanawe heshima ya kuolewa. Alikuwa anatafuta homa iishe. Anachohitaji ni maji, zahanati inayomsikiliza bila kumdharau, na watu wa imani watakaosimama naye mlangoni mama mkwe akimkazania.

Wajibu wetu, mmoja mmoja na pamoja

Gideoni alipoitwa, kazi yake ya kwanza haikuwa kupigana na Wamidiani. Aliagizwa kuivunja madhabahu ya Baali iliyokuwa nyumbani kwa baba yake mwenyewe. Aliogopa jamaa zake na watu wa mji, akaivunja usiku, akiwa na watumishi kumi. Asubuhi watu walitaka auawe. Aliyemwokoa ni baba yake, Yoashi, mwenye madhabahu. Mzee yule alisimama mbele ya mji akawaambia kwamba kama Baali ni mungu, na ajitetee mwenyewe. Ndivyo mambo yanavyogeuka: kijana anathubutu, na mzee mmoja mwenye heshima anasimama upande wake.

Kwa hiyo baba, usiende mnadani. Hakuna mambo ya wanawake katika damu ya mtoto wako. Wewe ndiye uliyejibu kanisani, na neno lako moja kwa mama yako lina nguvu kuliko semina kumi kwa mkeo. Mwambie kwa heshima, mapema, kabla mtoto hajaugua: “Mama, mtoto wangu akiumwa tutampeleka zahanati, na wewe utatusindikiza.” Mpe nafasi ya kumpenda mjukuu kwa njia nyingine.

Bibi, wewe una mamlaka ambayo mchungaji hana. Umelea, umezika, unajua uchungu. Waambie wakwe zako kwamba enzi zenu watoto walikatwa kwa kutojua, na kwamba leo unajua. Maneno hayo kutoka kinywani mwako yataokoa watoto wengi kuliko mahubiri ya mwaka mzima.

Muuguzi, andika unachokiona. Huruma yako kwa mama mmoja imempa ngariba mtoto wa pili. Jirani, ukisikia kilio kile usiingie ndani. Bisha hodi. Piga 116, simu ya msaada kwa mtoto, au nenda dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi. Anayesema hapendi kuingilia ya watu akumbuke kwamba kanisani alisimama kama shahidi, na kazi ya shahidi ni kusema.

Na viongozi wa makanisa, darasa la ubatizo lisiishie kwenye kukariri. Aitwe mhudumu wa afya awaonyeshe wazazi maambukizi ni nini na dawa yake ni ipi. Baba wawepo, na bibi wawepo. Bila wao darasa linazungumza na mtu asiye na uamuzi. Mwanamke wa benchi la pili naye atafutwe, si kwa kuzomewa. Ni roho aliyoifia Kristo, na wembe kwake ni kipato pia. Aelezwe sheria, asaidiwe kupata kazi nyingine, na akiendelea, asifichwe. Jumuiya ndogo ndogo za Wakatoliki na vikundi vya nyumba kwa nyumba vya Walutheri na Wapentekoste vina nafasi ambayo serikali haina: vinakutana katika nyumba zile zile ambamo jambo hili hufanyika, na vinajua mtoto gani amezaliwa wiki gani. Vikundi hivyo vikichanga fedha za harusi na msiba, vinaweza pia kuchanga za sabuni na nauli ya zahanati wakati wa kiangazi.

Katika ubatizo ujao, kabla maji hayajamwagwa, swali liulizwe waziwazi mbele ya wote: je, mtamlinda mtoto huyu asikeketwe na mkono wowote, hata wa ndugu? Wajibu baba, mama, wasimamizi na bibi, kila mmoja kwa kinywa chake. Asiyeweza kujibu ndiyo asubiri, afundishwe bila kudharauliwa. Anayejibu ndiyo kisha akamtoa mtoto usiku, usharika usimfiche: umfikishe panapohusika, na uendelee kumtembelea hata akiwa gerezani. Kanisa litakalofanya hivyo litakuwa limeitunza ahadi yake, na halitahitaji kumsingizia Mungu.